Mwalimu Luhaga Aliishia Mara Saba

Kama umewahi kupita Lagangabilili, nyuma ya zile ofisi mpya za serikali, basi nyumba ya Mwalimu Luhaga umeiona. Ni ile ya tofali za kuchoma, bati limekwisha rangi, uwanja umefagiwa kupita kiasi, na ndani hakuna mtoto anayelia. Mzee mwenyewe hukaa barazani na redio isiyowaka. Ukimpa mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, ataitikia kwa heshima zote, halafu atanyamaza, nawe utajiona umemkatiza jambo ingawa hakuna alichokuwa akifanya.

Zamani hakuwa hivyo, jamani. Zamani alikuwa na maneno mengi mpaka kero. Alifundisha hesabu shule za msingi za huku kwetu karibu maisha yake yote ya kazi, na waliopita mikononi mwake walimwita Mwalimu Laki, kwa ajili ya namba moja aliyoipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Namba yenyewe ni laki moja, arobaini na mbili elfu, mia nane hamsini na saba. Iandike: 142857. Ukiitazama hivi hivi, haina maajabu, unaweza kudhani ni namba ya stakabadhi.

Aliipata chuoni, kwa mkufunzi mmoja aliyeiandika ubaoni siku wanachuo walipokuwa wamechoka. Izidishe kwa mbili, unapata 285714. Tarakimu zilezile, zimefuatana vilevile, ila aliyeanza ni mwingine. Kwa tatu, 428571. Kwa nne, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Zinazunguka tu, hakuna mgeni anayeingia, hakuna mwenyeji anayetoka, kama watu wa ngoma wanaozunguka uwanja mmoja wakipokezana kuongoza. Ikate katikati, 142 na 857, jumlisha: 999. Ikate vipande vya mbili mbili, 14 na 28 na 57, jumlisha: 99. Luhaga alirudi bwenini siku ile hana hamu ya kula.

Halafu kuna mara saba. Ukizidisha kwa saba, mzunguko unakatika. Unapata 999999. Moja haipo, nne haipo, hakuna anayejulikana, wote wamekuwa tisa. Darasani alilifanya hilo kuwa la mwisho, Ijumaa kipindi cha mwisho. Anaandika tisa sita mfululizo, anarusha chaki juu, anaidaka, watoto wanapiga makofi. Kuna binti mmoja aliwahi kumuuliza, na mara nane je? Luhaga alikuwa ameshaijaribu chuoni, akaona inazaa tarakimu saba badala ya sita, akasema hii imeharibika, akaifuta. Basi akamwambia yule binti akae chini, hadithi imekwisha.

Alimuoa Generoza, Mkatoliki mwenzake kutoka Lingeka kule Meatu, mwanamke mrefu aliyetembea kama anayebeba ndoo hata akiwa mikono mitupu. Wakazaa. Alipofika wa sita, Luhaga alipata wazimu wake kamili. Watoto sita, tarakimu sita! Kila mmoja akapewa yake. Mkubwa, Januarius, akawa moja. Felisita aliyemfuata akawa nne. Hivyo hivyo hadi Athanasi, wa sita, aliyeshika mkia. Zamu zote za nyumba zikaendeshwa kwa namba ile: nani aende kisimani, nani achunge, nani apekeche mlenda. Jumatatu ni mara moja, anaanza Januarius na wenzake wanafuata. Jumanne ni mara mbili, anaanza mwenye mbili. Mpaka Jumamosi kila mmoja ameongoza siku yake, na hakuna aliyelalamika kaonewa. Jumapili hakuna kuzidisha, watu wanakwenda kanisani. Majirani walicheka mpaka wakaishiwa pumzi, lakini lazima tuseme ukweli, nyumba ile ilikwenda kama saa.

Na kwa sababu ilikwenda vizuri, Luhaga alianza kumwambia mkewe kwamba waishie hapo.

“Mama Janu,” alikuwa akisema, “ya saba inaharibu.”

Generoza alimjibu kwamba tisa nayo ni namba, tena kubwa kuliko zote alizonazo. Walicheka wote wawili. Ulikuwa utani wa mume na mke, na ungebaki utani kama mimba ya saba isingeingia.

Sasa hapa inabidi niseme kitu ambacho mtu wa huku hahitaji kuambiwa. Kwa Wasukuma, mtoto anayetanguliza miguu wakati wa kuzaliwa ana jina lake tayari: ni Kashinje. Si mkosi wala si laana, ila hapokelewi kama wengine. Kuna mambo yake ya kimila, wazee wanakaa, yanafanywa, na baada ya hapo mtoto ni wa nyumbani kama nduguze. Yasipofanywa, ndipo watu wanaanza kutazamana.

Mtoto wa saba alitanguliza miguu. Alikuwa wa kike. Generoza alimwona, akamshika kisigino, kisha damu haikukatika. Walimpandisha kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka kituo cha afya, njia ina matope ya masika, na alikata roho kabla hawajaliona bati la kituo. Luhaga alikuwa anatembea kando ya gurudumu akimsemesha. Aliendelea kumsemesha kipande kirefu baada ya wenzake kujua.

Msiba ulipotulia kidogo, mama yake Generoza, bibi Esteria, alimkalisha mkwewe kwa staha. Alimwambia mtoto huyu ni Kashinje, wazee wako tayari, yafanyike mambo yake ili akae na nduguze, na maisha yasonge. Jina la nyumbani alikwishampa mwenyewe, Nyamizi. Luhaga alikataa katakata. Alisema nyumba ya mwalimu haina mambo ya kienyeji. Alisema mengi mabaya kuhusu waganga na watu wasiosoma, mbele ya mama mkwe ambaye hata machozi hayajamkauka. Lile neno Kashinje alilipiga marufuku ndani ya boma lake. Akaondoka pale amejiona shujaa wa elimu.

Kisha shujaa wetu akaenda kusimama mbele ya mlango wa jikoni, mahali alipokuwa akiwaandikia watoto zamu zao kwa chaki. Ilikuwa mchana kweupe. Januarius na wadogo zake walikuwa wamekaa ukutani, wamevimba macho, hakuna anayejua leo anaanza nani. Luhaga akawatazama, akaona sura zote zimekuwa moja. Akazidisha pale mlangoni, mara saba. Akaandika tisa, tisa, tisa, mpaka sita zikatimia. Utani wake wote aliowahi kumtania mkewe ukamrudia. Ya saba inaharibu. Si alisema mwenyewe? Si ndivyo ilivyokuwa?

Mtu aliyewacheka majirani kwa kupasua kuku kutafuta sababu ya kifo, yeye alipasua namba. Nani angemwambia? Hakuna aliyejua.

Akarudi kwa bibi Esteria, akasema, “Mchukueni huyu. Amekuja kutusawazisha.”

Kila mtu pale alielewa anavyojua. Walidhani mwalimu, pamoja na ukali wake wote, ameogopa ile miguu. Wengine walimwonea huruma, wengine walimcheka pembeni. Luhaga hakumsahihisha mtu. Afadhali wadhani anaogopa mila kuliko ajieleze kwamba anaogopa jedwali la kuzidisha. Bibi Esteria alimfunga mtoto mgongoni, akapanda gari la pamba kwenda Lingeka, na kule mambo ya Kashinje yakafanywa na ndugu wa mamaye, kwa furaha na pombe ya kutosha.

Basi ndiyo hivyo. Wale sita nao hawakukaa sana. Nyumba isiyo na mama na yenye baba aliyekuwa jiwe, nani angekaa? Walisambaa kwa shangazi na wajomba, wakasoma, wakapata kazi zao mbali. Athanasi alifariki Shinyanga akiwa kijana. Waliobaki walimpigia baba simu Krismasi, kila mmoja kwa dakika zilezile na maneno yaleyale, mpaka Luhaga alipokata simu alikuwa hakumbuki ni yupi aliyesema mvua imegoma na yupi aliyesema mvua imezidi. Na hilo alilipokea kama uthibitisho. Alijiambia, si unaona, wote wamekuwa tisa.

Kwa Nyamizi hakwenda. Alituma sare ya shule kupitia kwa Mhoja, kaka yake Generoza, na alituma blanketi alipoolewa. Mwaka mmoja tu alimwona, kwenye mnada wa ng'ombe Mwandoya. Alimjua kwa mwendo. Mwanamke mrefu anapita katikati ya vumbi na mikono mitupu kama anayebeba ndoo. Mtu mwenye akili timamu angekimbia kumwita. Luhaga alijibanza nyuma ya madume ya watu mpaka yule binti alipopotea, halafu akakaa chini palepale kwenye mavi ya ng'ombe, mwalimu mzima na suruali ya kupiga pasi.

Miaka ikaenda. Uzee ukamwingia kwa nguvu, macho na magoti, na pamoja na uzee likamwingia jambo moja ambalo hakumwambia mtu: alitaka kabla hajafa yule binti amwite baba. Mara moja tu ingetosha. Wale wengine walimwita hivyo kwenye simu na halikumgusa. Aliitaka sauti ile asiyoijua. Lakini kila akisimama kuifuata, zile tisa zinasimama mlangoni.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya pamba kuanza, alikuwa barazani anachezea simu ya kitochi aliyoletewa na Felisita. Kikokotoo cha simu alikidharau siku zote, alikiita mkongojo wa wavivu. Siku hiyo alikuwa na upweke wa kumtosha mtu kufanya lolote. Akaandika namba yake, akabonyeza kuzidisha, akatafuta saba ili ajiumize tena. Kidole cha mzee kikaangukia nane.

Ikatoka 1142856.

Akataka kufuta, kama alivyofuta chuoni. Ila macho yake mabovu yalimlazimisha kuisogeza simu karibu na pua, na ukikisogeza kitu karibu hivyo, utakiona. Milioni moja mbele. Nyuma yake 142856, namba yake ileile, imepungukiwa moja tu mwishoni. Ikampiga kama kofi. Iondoe ile moja iliyokaa mbele, ipeleke ikajumlishwe na ya mwisho. 142857! Mzunguko umerudi nyumbani. Akaingia jikoni, akachukua mkaa, akazidisha sakafuni kwa mkono kwa kuwa mashine hakuiamini. Ikawa vilevile. Akajaribu mara tisa, ikamletea 1285713, akaitoa moja ya mbele akaipeleka mwisho, ikawa 285714, ile ya mara mbili. Mara saba haikuwa mwisho. Ilikuwa pumzi tu kati ya mzunguko na mzunguko, Jumapili ya namba. Na kilichotakiwa ni wa mbele ainuke, amfuate wa mwisho.

Alilia. Alilia kwa sauti, peke yake, magoti kwenye majivu, karibu miaka arobaini yote ikimtoka kwa pamoja. Alilia kwa furaha pia, maskini, maana aliona sasa amepewa ruhusa.

Kesho yake akavaa ile suti ya kustaafia, akapanda basi hadi Mwandoya, na pale akachukua bodaboda kwenda Lingeka. Njiani alirudiarudia atakavyosema. Alipanga kama andalio la somo: kwanza namba, halafu mzunguko, halafu mara saba, halafu nane. Alikuwa na hakika kwamba akiieleza vizuri, itaeleweka. Wanafunzi wake walikuwa wakielewa.

Alimkuta Nyamizi barazani kwake, amekaa kwenye turubai katikati ya vilima viwili vya pamba, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule, anachambua. Mumewe alikuwa ameenda kunywesha ng'ombe. Alipomwona mgeni mwenye suti, aliinuka, akaja, akapiga magoti kusalimia kama ilivyo desturi, na wakati akiwa magotini akainua uso akamtambua. Picha ya harusi ya mama yake ilikuwa ukutani kwa bibi Esteria miaka yote. Hakuonyesha kushtuka. Alimletea kigoda, maji ya kunawa, na bakuli la matobolwa, viazi vile vya kukausha vilivyochemshwa, na karanga. Alimuuliza habari za safari na habari za mvua za kwao Itilima.

“Karibu, Mwalimu,” alisema. “Kula kidogo.”

Luhaga hakula. Alisema yote. Alianza na namba kama alivyopanga, akaichora kwa kidole kwenye vumbi pembeni ya turubai, akazidisha, akazungusha. Akasema kuhusu zamu za nduguze ambao Nyamizi aliwajua kwa majina tu. Alipofika kwenye mara saba, hakujificha: alisema ndiyo sababu, hakuna nyingine. Kisha akachora nane, akaonyesha jinsi moja inavyotoka mbele kwenda mwisho, na hapo uso wake ulikuwa unang'aa kama wa kijana. Akamwomba radhi. Akamwambia nyumba ya Lagangabilili ni yake, aje wakati wowote, aje na watoto, na kama moyo utamruhusu amwite baba.

Nyamizi alikuwa ameendelea kuchambua wakati wote. Alipoacha, aliyatazama yale maandishi ya vumbini.

“Mimi nilijua ni miguu,” alisema mwishowe. “Toka nikiwa mdogo nilijua baba yangu aliogopa miguu yangu, kama wanavyoogopa wengine. Nilikuwa nakusamehe. Nasema, ni mambo ya zamani, hakuyaweza. Kumbe hukuyaogopa kabisa.”

Luhaga akasema hapana, hakuyaogopa.

“Na hii nane, ingekataa? Ingekuja na namba nyingine tu, isirudi. Ungekuja leo?”

Hapo ndipo hesabu ilipomwishia. Mtu mwingine angesema ndiyo upesi, angeapa kwa kaburi la mkewe, na pengine mambo yangekwisha pale. Luhaga alifungua mdomo. Aliwafundisha watoto wa watu maisha yake yote kwamba jibu la kubuni ni baya kuliko kutojibu. Alitafuta ndani yake siku hata moja ambayo angeinuka bila ile namba kumruhusu, na hakuipata. Akafunga mdomo.

Nyamizi alitikisa kichwa taratibu, kama anayekubaliana naye.

“Basi leo hesabu ndiyo iliyokuja, Mwalimu. Baba bado hajafika.”

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomuua mzee. Alimfungia matobolwa kwenye mfuko, akampigia mwenye bodaboda, akamsindikiza hadi barabarani kama anavyosindikizwa mgeni yeyote wa heshima, akamtakia safari njema. Luhaga alipogeuka nyuma, alimwona tayari amerudi kwenye turubai. Alikuwa amekaa palepale kando ya ile namba, na pamba fifi inaangukia juu ya maandishi.

Stendi ya Mwandoya jua lilikuwa linachoma. Akakaa kwenye benchi la mwanamke muuza karanga akisubiri basi, suti imejaa nyuzi za pamba, na yule mama, kwa vile biashara ilikuwa imelala, akamuuliza anatoka wapi na suti nzuri hivyo. Luhaga akasema anatoka Lingeka, kwa binti yake. Mama akasema Lingeka ni kwao, huenda anamfahamu, anaitwa nani?

Jina lililomjia ni lile ambalo Luhaga hakuwahi kulitoa kinywani tangu alipolikataza nyumbani kwake.

“Kashinje,” alisema.

“Kashinje wa marehemu bibi Esteria?” Yule mama alimgeukia vizuri. “Mbona huyo tunajua baba yake alikufa zamani?”

Luhaga alitazama mikono yake. Ilikuwa na vumbi la kule barazani, kwenye kidole alichochorea.

“Hajafa, mayu,” alisema. “Hajafika tu.”

Mwanamke hakuelewa, akadhani ni uzee, akampimia karanga kidogo za bure. Kondakta wa basi la kupitia Lagangabilili akaanza kuita Bariadi, Bariadi, wa mwisho tunaondoka. Watu wakapanda na magunia yao. Basi likapiga honi mara kadhaa, na kondakta akamwita mzee wa suti kwa mkono, lakini Luhaga hakuinuka; alikuwa akitazama njia ya Lingeka.